Swali la Kumi na Nne

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa na dirisha moja, meza moja ndefu na kamba mbili zilizojaa nguo za watu. Mwenye chumba alikuwa dobi, lakini hakuna aliyemwita dobi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mkunjo, maana suruali ikitoka mikononi mwake, mkunjo wake ulisimama mpaka mtu akaogopa kuugusa. Mahakama ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Kila Ijumaa mawakili walimletea majoho yao meusi, naye aliyapenda majoho hayo kuliko nguo nyingine zote.

Binti yake alikulia chini ya kamba hizo. Alipokuwa na miaka sita alijifunika joho moja, akapanda juu ya ndoo, akamtetea paka wa jirani aliyeshtakiwa kwa kuiba samaki. Alisema paka hakuonywa kuwa samaki ana mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na paka akaachiwa huru. Tangu siku hiyo binti akaitwa Wakili. Mama yake, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeanza kumwita hivyo.

Mzee Mkunjo alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na tabia moja. Akiunguza nguo kidogo, hasemi. Anaikunja kwa namna ambayo alama inaingia ndani, anaifunga vizuri, kisha anamkabidhi mwenyewe huku akimsalimia kwa heshima zote. Alimwambia binti yake kwamba mteja akiiona alama nyumbani, atamlaumu mkewe. Baba na binti walicheka. Hawakuona ubaya.

Binti alipomaliza sekondari na kufaulu, alileta nyumbani fomu ya kuomba nafasi katika chuo cha sheria. Baba yake alifuta meza mara mbili kabla ya kuiweka hapo. Kisha wakamwita Mama Masijala.

Mama Masijala alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi mahakamani, katika chumba cha kutunza majalada, kwa miaka ishirini. Alivaa miwani, akaisoma fomu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndipo akaanza kueleza. Nakala za vyeti zigongwe muhuri kwanza, zisipelekwe hivi hivi. Walimu wawili waombwe barua mapema, wasije wakaandika kwa haraka. Chuo kilitaka pia barua ya mwombaji mwenyewe, akieleza kwa nini anataka kusoma sheria.

"Hiyo usinakili kwa mtu," alimwambia binti. "Kila mtu anaandika kwamba anapenda haki tangu utotoni. Wewe waandikie habari za paka."

Binti akainamisha uso, akacheka. Mama Masijala alipofika mlangoni aligeuka, akaongeza kwamba kila swali lijibiwe kama lilivyoulizwa. Wakikwama, wagonge ukuta tu, naye atakuja.

Jumapili mchana binti akakaa mezani kujaza fomu. Baba yake alikuwa akipiga pasi upande wa pili. Kalamu ilikwenda vizuri, swali baada ya swali. Ghafla ikasimama.

"Baba, hapa sijui niandike nini."

Akamsomea swali la kumi na nne. Je, umewahi kusimamishwa masomo au kupewa adhabu nyingine kwa kosa la nidhamu? Kama ndiyo, eleza.

Mzee Mkunjo akaweka pasi pembeni. Alikumbuka vizuri. Binti alipokuwa kidato cha tatu alimpa rafiki yake karatasi yake ya majibu katika mtihani wa hesabu. Wote wawili wakarudishwa nyumbani wiki mbili. Kwa wiki hizo mbili alikunja nguo pembeni ya baba yake bila kuinua kichwa.

"Andika hapana," alisema.

"Lakini nilisimamishwa."

"Wiki mbili tu, mwanangu. Nani atakumbuka? Unakwenda kusomea sheria, halafu unaanza kwa kujishtaki mwenyewe?"

Binti akatazama ukuta. Akauliza kama wamwite Mama Masijala. Baba yake akakataa. Alisema yule mama akijua, mahakama nzima itajua. Ukweli ni kwamba aliona haya. Hakutaka jirani ajue kwamba mtoto wake aliwahi kusimamishwa masomo.

Binti akaandika "Hapana" kwa herufi ndogo sana. Baba yake aliinama, akapuliza wino ukauke. Mwisho wa fomu palikuwa na maneno haya: Nathibitisha kuwa yote niliyoeleza hapa ni kweli. Binti akatia saini. Kazi ikaisha, baba akarudi kwenye pasi yake.

Baada ya miezi miwili chuo kilimwita binti kwenye usaili. Mzee Mkunjo aliipiga pasi blauzi yake mara tatu. Alimsindikiza, akakaa kwenye benchi nje ya mlango, mikono juu ya magoti. Mara akasikia watu wakicheka ndani. Akajua wamefika kwenye paka, akatabasamu peke yake. Baadaye kukawa kimya, na kimya kile kikawa kirefu.

Binti alipotoka hakumtazama. Walitembea mpaka nje ya geti, ndipo akasimulia.

Mwalimu mkuu wake wa zamani, mmoja wa wale wawili walioombwa barua, alituma barua yake moja kwa moja chuoni, ikiwa imefungwa. Hakuna aliyejua ameandika nini. Mama mmoja katika jopo la usaili aliifungua na kuisoma kwa sauti. Mwalimu alisema kwamba binti huyu aliwahi kusimamishwa wiki mbili kwa kumpa mwenzake majibu. Aliporudi, aliomba mwenyewe kuwafundisha hesabu wanafunzi wa kidato cha kwanza baada ya masomo, akaendelea hivyo mpaka alipomaliza shule. Mwalimu alimalizia kwa kuandika: "Sijaona mwanafunzi aliyerekebisha kosa lake namna hii. Kwa sababu hiyo, naomba mumpokee."

"Kisha akaweka fomu yangu kando ya barua," binti alisema. "Akaniuliza, kati ya hizi mbili, ipi ni ya kweli."

Mzee Mkunjo alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli akamkemea, akapita.

Jibu la chuo lilikuja kwa maneno machache. Binti hakukataliwa kwa sababu ya mtihani wa hesabu. Alikataliwa kwa kutoa jibu la uongo na kulitilia saini. Hakuruhusiwa kuomba tena mpaka miaka miwili ipite.

Safari hii waligonga ukuta. Mama Masijala alikuja, akasoma barua, akavua miwani. Mzee Mkunjo alitamani agombezwe, lakini yule mama hakumgombeza.

"Jirani," alisema polepole, "kosa lile lilikuwa la mtoto, na alikwishalilipia. Wanaofundisha sheria wanajua watu hukosea. Wanachotaka kujua ni hiki: mtu akikutana na ukweli usiompendeza, anafanya nini? Ndiyo maana swali lile lipo."

"Angejibuje sasa?"

"Angejibu ndiyo. Kisha mistari mitano tu. Nilifanya nini, lini, nikaadhibiwa vipi, baada ya hapo nikafanya nini. Bila kujitetea, bila kumtupia mwenzake lawama. Na kama hujui ulichoulizwa, unauliza. Mngegonga tu."

"Niliona haya," Mzee Mkunjo alisema.

Mama Masijala akaitikia kwa kichwa. Alisema anaelewa, majalada mengi anayotunza yalianza na mtu aliyeona haya.

Miaka miwili ni mirefu katika chumba chenye dirisha moja. Binti alisimama mezani na baba yake tangu asubuhi mpaka jioni. Wenzake aliosoma nao walipita dirishani wakiwa na vitabu, wakamsalimia, naye akawajibu vizuri. Siku moja pasi ilimgusa mkono, ikamwachia alama. Siku nyingine mteja alimwita Wakili kama kawaida. Binti akamwomba, kwa sauti ya chini, asimwite hivyo tena. Mzee Mkunjo alikuwa amempa mgongo, akipanga nguo kwenye kamba. Alisikia. Alikaa vile vile muda mrefu, ingawa nguo zilikwisha kupangika.

Hakuwahi kuulizwa na binti yake kwa nini alimwambia aandike hapana. Afadhali angeulizwa.

Wiki hiyo aliunguza ukosi wa shati jeupe. Alianza kulikunja kama alivyozoea, kisha akalikunjua. Mwenyewe alipokuja, alimwonyesha alama na kumwambia imetoka kwake. Mteja alinuna, akaondoka na shati lake bila kuaga. Jumatatu akarudi na mashati manne.

Muda ulipotimia, fomu mpya ikawekwa juu ya meza ile ile. Mama Masijala alikaa kwenye kiti, miwani puani. Swali la kumi na nne lilikuwa pale pale. Chini yake binti alitakiwa kueleza pia kama aliwahi kukataliwa na chuo, na kwa sababu gani.

Akaandika "Ndiyo". Akaandika habari ya mtihani, ya wiki mbili, ya watoto wa kidato cha kwanza. Kisha akaanza kuandika habari ya jibu la uongo.

"Andika na hili," baba yake alisema. "Andika kwamba baba yako ndiye aliyekwambia useme hapana."

"Siandiki hivyo, Baba."

"Si ni kweli? Si wanataka ukweli?"

Binti hakuinua kichwa. "Kalamu ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Na saini ni yangu."

Mzee Mkunjo akamtazama Mama Masijala, akitaka amsaidie. Mama Masijala akasema binti yuko sawa. Baba akachukua karatasi, akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alijitafuta katika mistari yote. Hakujiona popote. Akairudisha mezani.

Chuo kilimpokea. Katika usaili walimuuliza juu ya swali la kumi na nne kabla ya yote, naye akawajibu. Habari za paka zilikuja mwishoni.

Asubuhi ya kwanza ya masomo, Mzee Mkunjo aliipiga pasi blauzi yake mara moja tu, akampa. Wenzake binti wa sekondari walikuwa wakianza mwaka wa tatu wa chuo siku hiyo hiyo. Alijua, na binti alijua, na hakuna aliyelitaja. Binti akaaga, akatoka.

Kutoka dirisha la jirani, Mama Masijala akaita, "Wakili!"

Mzee Mkunjo akashika pasi hewani, akangoja.

Njiani, binti akageuka, akaitika.