Mke Aliyesaini

"Wewe nani?" Semakula alimuuliza Docus, tena akiwa amesimama uwanjani kwa Docus mwenyewe, pale Rukoki.

Docus aliacha kuanua nguo. Akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, mke wa Mwalimu Yonasani.

"Hapana, mama. Bibi ya mwalimu mimi najua. Ni Mukongomani, mufupi, mweupe. Alikuja ofisi yangu Kasese akasaini. Hii nyumba ilishauzwa. Ijumaa mutoke, ama nakuja na polisi."

Yonasani alikuwa mlangoni. Docus alimtazama mumewe, akaona alivyoinamisha kichwa, na moyo ukamwuma kabla hajaambiwa lolote.

Semakula alipoondoka na pikipiki yake, ndipo maneno yakaanza kutoka. Kumbe mwaka ule mto Nyamwamba ulipofurika, Docus akiwa amelazwa hospitali ya Kilembe, mimba ya kumfuata mtoto wao Bright imeharibika, Yonasani alikopa kwa Semakula, mkopeshaji wa mjini. Akamwachia kadi yake ya benki na namba ya siri, kama walimu wengi wanavyofanya, ili ajichotee mshahara kila mwezi. Semakula akachota, deni likakataa kuisha. Mwalimu wetu naye, kwa akili zake nyingi, akaenda kudanganya benki kwamba kadi imepotea, akapewa mpya. Semakula alipokuta ile ya zamani haifanyi kazi, akaapa kumfikisha kortini kwa utapeli. Labda ampe nyumba, na mke asaini.

"Mbona hukuniambia?" Docus aliuliza.

"Ungekataa, Mama Bright. Hii nyumba ilijengwa na kahawa yako."

"Na huyo aliyesaini?"

"Mutu tu wa Bwera. Nilimpatia kitu kidogo."

Alilijibu hilo haraka mno.

Kesho yake Docus alikwenda mjini Kasese, kwenye ofisi inayowasaidia bure watu wenye kesi. Wakili mmoja, Gorret, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba nyumba ya familia haiuzwi bila mke kukubali. Deni lipo na litalipwa, ila nyumba inaweza kupona. Yeye Gorret angemwita Semakula siku ya Alhamisi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wapatane. Lakini yule mwanamke lazima aje aseme kwa mdomo wake kwamba si mke. Asipokuja, Semakula ataipeleka sahihi yake kortini.

Basi Docus akashuka Bwera, mpakani na Kongo, kumtafuta. Aliulizia Mkongomani mfupi, mweupe, akaelekezwa kwa muuza vitenge aitwaye Sophie, kutoka Butembo. Sophie alimsogezea kiti akidhani ni mteja. Docus akajitambulisha, mke wa Mwalimu Yonasani. Sophie alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Yaya," akamwita kama dada mkubwa, "bibi ya Yonasani alikufaka. Ku hopitali ya Kilembe, na mutoto mu tumbo. Yonasani alililaka hapa, ku hii kiti."

Docus alikitazama kile kiti. Alikuja na matusi yake tayari, yote yakamtoka kichwani.

"Mutoto ndiye alikufa," akasema. "Mimi niliamka."

Sophie alijifunika uso kwa kitenge. Alisema Yonasani alimdanganya kwamba anasaini ili ile nyumba iwe yao wawili. Wakalia wote, kila mmoja kilio chake. Docus alipomwomba aje Alhamisi, Sophie akaanza kukunja vitenge vyake. Docus akarudi nyumbani hana uhakika. Asubuhi simu ikalia:

"Yaya nitakuya. Lakini usinikalishe karibu na yeye."

Alhamisi ilipofika, ofisini kwa Gorret, Sophie alikaa karibu na mlango, macho chini. Semakula alimwonyesha kidole, akasema mke ndiye huyu.

"Miye siko bibi yake," Sophie alisema. "Kwetu hakupeleka hata mbuzi moja ya mahari."

Gorret akamgeukia Docus. "Kama si huyu, mke ni nani? Sema mwenyewe, wote wasikie."

Docus aliliwaza neno mke. Miaka yote neno hilo lilimtoka bila shida, sokoni, kanisani, hata kwa wakwe. Sasa alimtazama Yonasani, mtu aliyemwua kwa maneno ili apate wa kumbembeleza. Alimchukia. Lakini akinyamaza, kesho ni Ijumaa.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye mke wake. Mbuzi zake baba yangu alizipokea kwetu Kitswamba."

Semakula alinung'unika sana, mwishowe akakubali kulipwa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, na nyumba asiiguse. Mwenyekiti akampongeza Yonasani kwa kujaliwa mke mvumilivu, watu wakapiga makofi. Sophie alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Nje, Yonasani alimshika Docus mkono, machozi yanamtiririka.

"Asante, mke wangu. Umenikubali mbele ya watu."

Docus akautoa mkono wake taratibu.

"Mke wako ulimzika Kilembe, Baba Bright. Begi lako nimeliacha nje ya mlango."

Akashika njia ya Rukoki peke yake, akilia bila kujificha. Alipofika, begi halikuwa limeguswa. Akalisogeza ili mlango ufunguke, akaingia ndani.