Wanja Kwenye Darubini

"Kwani Akal, siku hizi unapaka wanja?"

Akal alishusha darubini. Walikuwa kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya mji wa Lodwar, jua halijachomoza, naye alikuwa akimtafuta ndege aitwaye keremkerem aliyemsikia akilia mtini. Arop, binamu yake, alikuwa ameketi mchangani akimcheka.

"Wanja gani? Mimi sipakangi."

"Jipanguse uone."

Akajipangusa. Kidole kikarudi cheusi. Akaigeuza darubini na kutazama ile mipira mtu anapoegemeza macho. Kila mmoja ulikuwa na duara nene la wanja lililoganda na jasho. Akaona kinyaa. Uchafu wa macho ya mwanamke mwingine ulikuwa umemgandia usoni, na darubini yenyewe alipewa jana jioni, eti mpya, na mwanamume aliyekuwa anakwenda kumwoa.

Darubini hiyo ilikuwa na maneno tangu mwanzo. Akal alitaka kazi ya kuwaongoza wageni wanaokwenda Lowarengak kutazama ndege wa ziwani, na mwongozaji asiye na darubini yake hachukuliwi. Alikuwa amesikia habari za Onésphore, Mkongomani wa kambi ya Kakuma anayeuza zilizotumika, ambaye humruhusu mteja kwenda nayo kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, alfajiri, mwanga ukiwa hafifu, akaijaribu kabla ya kununua. Kwenye maonyesho ya biashara yaliyokuwa yakiendelea Lodwar unajaribu saa sita mchana, jua la Turkana likiwaka, na kwa jua lile hata kitako cha chupa utakisifu.

Lokol, mchumba wake, dereva wa shirika moja, alikataa katakata. Vitu vya kambini havina garanti, alisema, na mke wake mtarajiwa hatachakura mitumba Kakuma. Yeye angemnunulia kwenye maonyesho hayo, ikiwa ndani ya boksi lake. Kweli akaileta na boksi. Mama yake Akal akaitemea mate kidogo ya baraka, kama wazee wafanyavyo. Jumamosi watu wa Lokol wangeleta mifugo ya mahari, na mifugo ikishaingia zizini, hakuna tena kurudi nyuma.

Akal akapiga simu palepale.

"Lokol, hii darubini ilikuwa ya nani?"

"Ejok, mpenzi. Si hata tusalimiane kwanza?"

"Nimekuuliza."

"Ni watu wa maonyesho. Kila mtu akipita pale anajaribu. Panguza tu na maji."

"Ulisema boksi ulifungua wewe mwenyewe."

"Sasa umeanza. Niko Kainuk, mtandao ni mbaya."

Simu ikakatika. Mtandao wa Kainuk huwa mbaya kweli, lakini siku hiyo uliharibika kwa wakati mzuri mno.

Akal alinawa uso kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha, kisha akaenda uwanjani kwenye maonyesho. Mama mwenye kibanda cha darubini aligeuza boksi, akatazama kilichokuwa ndani, akatikisa kichwa.

"Boksi ni letu. Hii kitu si yetu. Kuna kijana dereva alikuja kuniomba boksi tupu, akasema ni ya kuwekea zawadi."

Kwa hiyo hata hiyo ya maonyesho hakununua. Akal alisimama pale akiwa amekumbatia boksi lake la kuombwa, akijionea aibu na kumwonea Lokol kinyaa. Lakini bado moyo ulikuwa unamtafutia udhuru. Pengine pesa zilimpungukia akanunua iliyotumika, akaona haya kusema. Darubini zilizotumika alijua zinauzwa wapi. Akapanda gari la kwanza la Kakuma.

Onésphore hakuhitaji kuitazama mara mbili.

"Iyi mi nayijua. Ni ya dada yangu Sylviane, mimi njo nilimupa. Umeitosha wapi, nani alikupa?"

Kabla Akal hajajibu, pazia la nyuma ya duka likafunguka akatoka msichana mrembo, macho yamezungushiwa wanja mzito. Uso ukamchangamka alipoona darubini.

"Kumbe fundi alimaliza. Lokol njo amekutuma?"

Akal akauliza ni Lokol yupi. Sylviane akaeleza bila wasiwasi wowote: mchumba wake, dereva, ndoa yao ni baada ya Pasaka na kanisani imeshatangazwa. Lokol alikuwa amechukua darubini yake ampelekee fundi wa Lodwar, skrubu imelegea. Kisha akamtazama Akal vizuri, akatabasamu.

"Njo wewe Akal? Nilionaga picha yako kwa simu ya Lokol. Anasemaga uko dada yake."

Akal alitoka nje, akasimama nyuma ya duka. Sasa alijua kwa nini Lokol alichukia vitu vya kambini. Hakuwa akiogopa mitumba, alikuwa akiogopa duka la shemeji yake.

Aliporudi ndani aliwaambia yote. Sylviane hakulia; alitoa simu yake, akaweka sauti ya nje.

"Lokol, darubini yangu imefika wapi?"

"Bado iko kwa fundi, mpenzi. Vumilia. Skrubu ya hiyo kitu imetafutwa mpaka Kitale."

Akal akaisogelea simu.

"Fundi amemaliza, kaka yangu. Tuko nayo hapa dukani, mimi na Sylviane."

Lokol akakata simu.

Sylviane aliitazama darubini asiiguse. Alisema haiweki tena machoni pake, kaka yake aiuze kwa anayetaka. Akal naye hakuitaka. Baadaye kidogo ujumbe ukaingia kwenye simu yake: *Akal nisamehe. Wazee wasijue. Nitakununulia mpya kabisa, maonyesho hayajafungwa.*

Hakujibu. Alilala kwa kina Onésphore, na alfajiri akashuka kwenye laga na darubini nyingine ya zamani, mipira imesuguliwa safi. Mwanga ulikuwa hafifu, na bado alihesabu manyoya ya mkia wa ndege. Akaichukua.

Jumamosi watu wa Lokol walikuja, maana mwenyewe hakuwa amewaambia kitu. Mama yake Akal, aliyekwisha kuambiwa yote na bintiye, aliwakuta njiani, kabla mbuzi hata mmoja hajakaribia zizi, akampa baba mdogo wa Lokol lile boksi.

"Mrudishie mtoto wenu huyo hapo nyuma zawadi yake."

Mzee akalifungua. "Mbona halina kitu?"

"Ndivyo alivyoliomba," mama akasema, akatema mate chini, na hayo hayakuwa ya baraka.

Akal alikuwa juu ya kilima na darubini yake. Aliona mbuzi wakigeuzwa, na Lokol nyuma yao akiwa amebeba boksi kwapani. Aliwatazama mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi kwa ndege wake.