Betri za Redio ya Darasa

Somoe alikuwa amechoka kabla hata jua halijapanda juu ya Mbagala. Alikwishachota maji, akafagia uwanja, akamsaidia mama yake kupika vitumbua vya kuuza. Sasa alisimama juu ya ndoo, akipapasa bati la banda la jiko kutafuta betri za redio. Jumapili alizianika juani kutwa nzima, maana betri zilizochoka zikianikwa hupata nguvu kidogo za kudanganyia.

Redio ilikuwa ya Mwalimu Gaudens. Ilikuwa miaka ya tisini, maduka yamefurika sabuni za rangi rangi na viatu vya Dubai, lakini darasa la sita lilikuwa na kitabu kimoja tu cha sayansi, nacho hakina jalada. Watoto walijaa mpaka sakafuni, na koo la mwalimu lilikuwa limekwisha kwa kupaza sauti. Ndipo akakumbuka kwamba kila Jumatatu redio ilitangaza somo la sayansi kwa shule zote, bure kabisa. Akaleta redio yake, wanafunzi wakachangia betri. Kwa kuwa ofisi ya walimu haikuwa na kufuli, Somoe aliyekuwa kiranja alipewa kazi ya kuilaza kwao, kwa sharti kwamba asiifungue.

Aliifungua. Baba yake alikwenda Newala kununua korosho, na siku ya kuondoka alimwahidi kumtaja kwenye kipindi cha salamu. Basi kila jioni Somoe aliosha vyombo huku sikio liko redioni. Yalisomwa majina ya watu wa kila pembe ya nchi, la kwake halikusomwa. Alisikitika, akazima, kesho yake akafungua tena.

Jumatatu hiyo somo lilihusu moyo na mzunguko wa damu, na Ijumaa palikuwa na mtihani. Albano, aliyekaa dawati moja na Somoe, aliibeba redio kuipeleka mezani kwa mwalimu. Mlangoni akaigonga kidogo. Mtangazaji alianza vizuri, kisha sauti ikafifia, ikakatika.

"Albano kaigonga," mtoto mmoja akasema. "Tumemwona."

"Nimeigusisha tu, mwalimu," Albano akajitetea.

Mwalimu Gaudens aliitikisa redio, akaipigapiga mgongoni, akaiweka chini. "Kesho uje na baba yako," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Redio naondoka nayo. Nami nimechoka."

Somoe alitazama vidole vyake. Alijua kilichotokea, na mdomo ukawa mzito.

Wakati wa mapumziko alimkuta Albano nyuma ya choo, macho mekundu.

"Baba alishasema nikileta kesi nyingine shuleni, basi," Albano alisema. "Niache shule, nikakae naye Mwenge anakochonga, nimpigie msasa vinyago."

"Hawezi kusema hivyo."

"Wewe humjui baba yangu."

Somoe aliacha kitumbua chake mkononi mwa Albano, akaenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nini tena?"

"Redio haijaharibika. Betri nimezimaliza mie, nyumbani. Nikazianika ili msijue."

Mwalimu alivua miwani. "Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Salamu, mwalimu. Baba alisema atanitaja."

"Akakutaja?"

"Bado."

Mwalimu hakumgombeza. Alimrudisha darasani akaseme mwenyewe mbele ya wote, na Somoe akasema. Watoto walinung'unika. Mwalimu akamwambia Albano asimlete tena baba yake.

"Somo litarudiwa redioni leo jioni," mwalimu alisema. "Kwa Marijani kinyozi kuna umeme. Utakwenda kusikiliza, na kesho utafundisha wewe."

Marijani alikuwa anapiga muziki wa dansi, na wateja walilalamika alipohamisha stesheni. Somoe aliinama karibu na redio, akiomba umeme usikatike. Baadaye kidogo Albano aliingia, akachora moyo kwenye vumbi la sakafu, vyumba vyake na mishipa yake, kadiri mtangazaji alivyoeleza. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa baba yake.

Kesho yake Albano aliuchora ubaoni, Somoe akaeleza. Waliokaa nyuma hawakusikia, akarudia. Wa sakafuni hawakuona, akarudia tena. Kipindi hakijafika nusu, koo lilimwasha na miguu ilimuuma. Alimwangalia mwalimu wake aliyekaa pembeni, akamwonea huruma.

Kipindi kilipokwisha alitoa mfukoni betri mpya. Mama yake alizinunua kwa pesa ya vitumbua bila kumsema, na hilo lilimuuma kuliko kusemwa. Mwalimu alizitia ndani ya redio, kisha akamkabidhi tena ailaze kwao. Somoe alisita kuipokea.

"Ipokee," Mwalimu Gaudens alisema, wote wakisikia. "Anayekiri kosa lake mwenyewe, naweza kumwachia mali yangu. Salamu kasikilize kwa Marijani, huko hutamaliza betri zetu. Lakini kumbuka jambo moja, mwanangu. Ulitamani sana jina lako litajwe redioni, ukaacha la Albano litajwe hapa kwa kosa lisilo lake."

Somoe aliikumbatia redio kwa mikono miwili. Mlangoni, Albano alisogea kando, akamshikia mlango apite.