Kibanio Chekundu

Kila Jumamosi, jua likifika utosini, Wakili alimshika mdogo wake mkono wakaenda sokoni kumfuata mama yao.

Wakili halikuwa jina lake halisi. Alipewa na babu yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakukubali jambo lolote bila kwanza kulibishia. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikwisha kumganda hata shuleni. Mdogo wake, mwanafunzi wa darasa la kwanza, aliitwa Kitinda, yaani mtoto wa mwisho.

Soko lao lilikuwa jumba moja kubwa lenye paa la bati. Upande wa samaki sakafu haikukauka hata siku moja. Upande wa nafaka kulikuwa na vumbi jeupe lililokaa juu ya mizani, juu ya magunia na juu ya nyusi za wauzaji. Huko ndiko mama alikouza mchele, dengu na maharage. Jumamosi alifunga mapema, wakanunua mboga za wiki, kisha wakala pamoja kwenye mkahawa uliokuwa humo humo sokoni, kati ya muuza mboga na muuza viungo.

Mkahawa huo ulikuwa wa mume na mke. Mume alitoka Vietnam na mke alitoka Thailand, na kila mmoja alileta chakula cha kwao. Mume alikuwa na supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri na tangawizi na mdalasini, ikamwagwa juu ya tambi laini za mchele. Mke alikuwa na tambi za kukaanga kwa yai, ukwaju na machipukizi ya choroko, na juu yake karanga zilizopondwa. Mboga walichukua kwa jirani wa kushoto na mchaichai kwa jirani wa kulia, bila kuvua aproni. Kwa kuwa mume alisimama kutwa nzima mbele ya sufuria zinazofuka, wateja walimwita Bwana Mvuke. Mkewe aliyepokea maagizo walimwita Mama Kaunta, na watu hawakuona haja ya kuuliza majina mengine.

Kitinda alikuwa na mzio wa karanga. Maana yake ni kwamba mwili wake uliichukulia karanga kama sumu. Punje moja ingeweza kumvimbisha koo hadi ashindwe kupumua. Kwa sababu hiyo mama alibeba sindano ya dharura kwenye mkoba wake popote alipokwenda, na mkahawani hakuagiza kabla ya kusema, "Mtoto huyu ana mzio wa karanga."

Mama Kaunta akisikia hivyo alipaza sauti kuelekea jikoni: "Chekundu!"

Bwana Mvuke aliitika, "Chekundu!" Kisha alinawa mikono kwa sabuni, akatungua karai dogo lililotundikwa peke yake ukutani na upawa wake, vyombo ambavyo havikuwahi kugusa karanga, akapika chakula cha mtoto humo. Akimaliza alibana kwenye ukingo wa sahani kibanio chekundu cha nguo. Sahani yenye kibanio ilikuwa salama. Kitinda alikipenda kibanio kuliko chakula chenyewe, na alikila chakula huku amekibana sikioni.

Tatizo la Wakili lilikuwa ile sauti. "Chekundu!" ikitoka, mkahawa mzima uligeuka kutazama. Jumamosi moja miongoni mwa waliogeuka alikuwemo mvulana wa darasa lake, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuzimika. Jumatatu yake, Wakili aliposimama darasani kujibu swali, sauti ilitoka nyuma: "Chekundu!" Darasa likacheka. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Kufikia Ijumaa hata mtoto aliyekaa naye dawati moja alikuwa anajifunza kuisema.

Jumamosi iliyofuata mteja alimkamata mama wakati anafunga magunia.

"Tangulieni," mama alisema, huku akichota maharage. "Wakili, utaagiza wewe. Unajua la kusema?"

"Najua, mama."

"Hebu niambie nilisikie."

"Mdogo wangu ana mzio wa karanga."

"Hivyo hivyo. Usipunguze hata neno."

Walipofika mkahawani, mtu wa kwanza kuonekana alikuwa Redio, ameketi na shangazi yake mbele ya bakuli la supu.

"Ooo, Wakili!" alisema. "Leo una kesi gani mahakamani?"

"Kunywa supu yako," Wakili alimjibu.

Kwenye kaunta hakuwepo Mama Kaunta. Alikuwa nyuma anamenya kamba, na mahali pake alisimama binti aliyeanza kazi wiki hiyo. Hakumjua Wakili wala Kitinda. Bwana Mvuke aliwapa mgongo, amezama kwenye moshi wa karai kubwa.

"Karibu, dada. Niwape nini?"

Wakili aliyahisi macho ya Redio kisogoni. "Supu moja ya mama. Tambi za kukaanga, sahani moja. Na sahani nyingine ndogo ya tambi za kukaanga, bila karanga."

"Bila karanga? Hazipendi?"

"Hazipendi."

"Sawa," binti alisema, na akamnong'oneza mpishi kama vile ni ombi la kupunguza chumvi. Hakuna kichwa kilichogeuka. Redio alirudi kwenye supu yake.

Wakili alijitetea moyoni kwa ufundi wake wa kawaida. Bila karanga ni bila karanga. Kama karanga hazimo sahanini, mzio utatoka wapi? Hoja ilikuwa nzuri. Ilisahau jambo moja tu, nalo ni karai.

Mama alifika, akaweka kikapu cha mboga chini. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Haya, nikanawe hili vumbi."

Alipokuwa bombani, sahani zikaletwa. Kitinda aliizungusha yake mara moja, kisha mara ya pili.

"Dada, kibanio changu kiko wapi?"

"Kula kwanza."

"Sili bila kibanio. Nitamwambia mama."

Kikapu cha vibanio kilining'inia pembeni mwa kaunta, karibu na vijiti vya kulia. Binti alikuwa anafuta meza. Wakili alinyoosha mkono, akachukua kimoja, akakibana kwenye ukingo wa sahani ya mdogo wake.

"Haya. Umeridhika?"

Kitinda aliridhika. Akala.

Mama aliporudi alitazama sahani, akaona chekundu, akavuta kiti. Alikuwa amekwisha kunywa kijiko cha kwanza cha supu Kitinda aliposukuma sahani yake.

"Mama, mdomo unaniwasha."

Mbele ya Wakili kulikuwa na kibakuli cha pilipili iliyopondwa. Mama alikiangalia, akaangalia vidole vya Kitinda. "Umechovya kidole kwenye pilipili ya dada yako?"

"Kidogo tu."

"Ndiyo hiyo. Kunywa maji. Pilipili ya hapa haitaniwi."

Kitinda alikunywa maji. Mdomo wake wa juu ulikuwa unanenepa upande mmoja. Wakili alitazama jikoni. Bwana Mvuke alimwaga karanga zilizopondwa ndani ya karai kubwa, akazigeuza na tambi, akapakua. Kisha akapangusa karai kwa kitambaa na kutia mafuta kwa ajili ya sahani iliyofuata. Karai dogo lilikuwa mahali pake ukutani, kavu.

Kitinda alikohoa. Akakohoa tena, na sauti yake ikatoka imekwaruza: "Mama, bado inawasha."

"Maji zaidi, baba. Itapoa," mama alisema, akimjazia bilauri. Hakuwa na wasiwasi. Kibanio kilikuwa pale pale, chekundu, kwenye ukingo wa sahani.

Meza ya Redio ilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, na Redio alikuwa ameacha kula, anatazama. Wakili alijua kwamba chochote atakachosema, Jumatatu kitakuwa darasani. Alijua pia kwamba mama atamjazia Kitinda bilauri ya tatu, na ya nne, mpaka ashindwe kuimeza.

"Mama, si pilipili."

"Unasemaje?"

"Si pilipili!" Sasa mkahawa mzima uligeuka. "Sikuwaambia ana mzio. Nilisema hapendi karanga. Kibanio nimekiweka mimi."

Mama aliweka bilauri chini, akafungua mkoba, akatoa sindano. Alimlaza Kitinda kwenye benchi, akaikandamiza kwenye paja juu ya suruali, akaishikilia hapo huku midomo yake ikihesabu kimya kimya. Kitinda alipiga ukelele mmoja.

"Nani ana gari?" mama aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Mimi," alisema shangazi yake Redio, ambaye tayari alikuwa amesimama na funguo mkononi. "Liko lango la samaki." Akamgeukia Redio. "We mtoto, mdomo huo wako leo utafanya kazi. Tangulia utusafishie njia!"

Jumamosi mchana njia za soko hazipitiki. Kuna mikokoteni, makreti, na watu wanaobishana juu ya nyanya. Redio alitimua mbio mbele yao. "Pisheni! Pisheni! Mgonjwa! Mzee, mkokoteni huo! Mama, ondoa matango!" Watu walipisha kwanza, wakauliza baadaye. Mama alimbeba Kitinda, Wakili akifuata nyuma na mkoba, na hakujua kama anakanyaga sakafu kavu au ya maji.

Hospitalini uvimbe ulianza kushuka. Daktari alisema mtoto atabaki chini ya uangalizi mpaka jioni, kwa kuwa hali kama ile huweza kurudi hata baada ya kutulia. Akauliza ni nani aliyegundua kwamba ni karanga.

"Huyu," mama alisema, akimwonyesha Wakili.

"Imegunduliwa mapema kiasi," daktari alisema. "Koo lilikuwa limeanza kuziba." Akaandika maelezo yake, akaondoka.

Wakili alisubiri kugombezwa. Mama alimpangusa Kitinda jasho, akamfunika shuka, akakaa. Waliporudi nyumbani alisema tu, "Jumamosi tutarudi mkahawani. Utaagiza wewe."

Wiki ilikuwa ndefu. Redio alisimulia habari yote darasani, kama ilivyotarajiwa, ila katika masimulizi yake shujaa alikuwa mtu aliyesafisha njia. Wakili hakumbishia. Ilikuwa kesi ya kwanza aliyoiacha ipite.

Jumamosi alikwenda moja kwa moja jikoni kabla ya kukaa. Mama Kaunta na mumewe walikuwa wanapanga bakuli.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Niliiba kibanio chenu nikakitumia kudanganya."

Bwana Mvuke alizima jiko ili asikike. "Wiki nzima nimejiuliza nilikosea wapi," alisema. "Nimesugua vyombo vyote. Nilidhani mkono wangu umeanza kuzeeka."

"Hukukosea, bwana."

"Sasa najua. Na sisi tulikuwa na kosa letu." Akaonyesha kwa upawa. Kikapu cha vibanio kilikuwa kimehamishwa. Kilining'inia ukutani nyuma ya jiko, kando ya karai dogo, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki. Na yule binti mgeni, akisikia neno karanga, sasa aliuliza: hapendi au zinamdhuru?

Wakili alirudi kwenye kaunta. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika kwa muuza viungo, na ndani ya foleni walikuwemo Redio na shangazi yake.

"Supu moja ya mama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Tambi za kukaanga, sahani moja. Na sahani ndogo ya mdogo wangu. Ana mzio wa karanga."

"Chekundu!" binti alipaza sauti.

Vichwa viligeuka. "CHEKUNDU!" ikarudiwa kutoka kwenye foleni, kubwa zaidi, na shangazi akampiga mtu kofi la begani. "Nasaidia tu, shangazi," Redio alilalamika. "Karai lina kelele, huenda jikoni hawajasikia."

"Chekundu!" jikoni wakaitika. Karai dogo likatunguliwa.

Sahani ilipoletwa, mama alikigusa kibanio kwa ncha ya kidole.

"Unajua hiki ni nini?" alimuuliza Wakili.

"Alama ya kwamba chakula ni salama."

"Hapana. Hiki ni kipande cha mti na waya. Kinachomlinda mdogo wako ni karai lililooshwa na mtu aliyeliosha. Kibanio kinatuambia tu kwamba kazi hiyo imefanyika. Wewe ulikiweka mahali ambapo kazi haikufanyika, na mimi nikakiamini, nikamnywesha mwanangu maji wakati anahitaji dawa. Uongo wa kwanza ulimlisha karanga. Wa pili ulinifumba macho."

Wakili aliinamisha kichwa.

"Inua uso, sijamaliza. Uliona haya watu wakutazame, na mwisho ulisema mbele yao hao hao. Ulichelewa, lakini ulisema kabla ya bilauri ya tatu. Haya ya kutazamwa huisha watu wakirudi kwenye chakula chao. Kuanzia leo, jambo la afya ya mtu utalisema lote, kwa anayehusika, mapema, hata kama soko zima linasikiliza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Hata kubisha hutaki?"

"Sina hoja."

Mama alitabasamu kidogo, akavuta bakuli lake la supu. Kitinda, ambaye hakuwa akisikiliza, alikibandua kibanio kutoka sahanini, akakibana puani, akaanza kula.