Pindo Lisilo na Fundo

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kununua uzi mweusi. Duka la vifaa vya ushonaji liko mbele kidogo ya soko la Msambweni, na nilitaka kurudi kabla ya magharibi kwa sababu nilikuwa nimeiacha suruali yangu mezani, imekatwa vipande vipande. Nguo ya dukani haijaingia kabatini mwangu mwaka wa sita huu. Madera, suruali za kuvaa ndani ya buibui, kanzu za mume wangu, zote nimezishona mimi Twaiba kwa mkono wangu. Watu husema nina majivuno. Ni kweli ninayo.

Niliporudi nilimkuta mama mmoja amekaa barazani kwangu, karibu na cherehani.

Alikuwa mtu mzima, amejifunga leso kichwani, ameukumbatia mfuko wa nailoni. Alinukia moshi wa kuni na kitu kingine… dawa kali, ya kuwasha pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naitwa Munee, nimetoka Kikoneni. Nataka suruali ipunguzwe. Leo."

"Leo haiwezekani, mama. Magharibi hiyo yaingia."

"Ni ya mwanangu. Anasafiri kesho."

Akaitoa. Suruali ya suti, nyeusi, kitambaa kizito kizuri. Kiuno kilikuwa kimeshapunguzwa, lakini miguu ilikuwa mirefu, haijawahi kupindwa. Nikamwuliza mwanawe yuko wapi nimpime.

"Amelala."

"Basi urefu wake ni kama wa nani?"

Alikuwa akimtazama mume wangu. Mbwana ni mkwezi wa minazi, na jioni hiyo alikuwa ameketi kizingitini akinywa chai, amenyoosha miguu baada ya kazi. Yule mama hakumtazama usoni. Alitazama miguu.

"Kama huyu," alisema polepole. "Kama huyu kabisa."

Kwa fundi hili ni jambo la kawaida. Mwenye nguo asipokuwepo, unamtafuta mtu wa kimo chake, unamvisha, unapima. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Mbwana akaingia ndani, akaivaa, akatoka akiringa kama bwana harusi.

Nikapiga magoti mbele yake. Mimi hutia bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, nguo ikiwa mwilini, kisha ndiyo napitisha cherehani. Bi Zainabu, aliyenifundisha kazi hii, alinipa sharti moja la kushona namna hiyo. Kabla sindano haijaingia, unamwuliza aliyevaa: Nashona nini? Naye anajibu: Washona nguo. Ndipo unaanza. Nilipomwuliza sababu aliniambia nipunguze maswali. Basi nikalishika sharti lake kwa mazoea tu, bila kuliamini.

"Nashona nini?" nikauliza.

Mbwana amelisikia swali hilo tangu tuoane. Siku hiyo alitaka kunichokoza.

"Wanishona mimi," akasema, akacheka.

Nikamfinya mguu. "Sema sawasawa."

"Nimeshasema, bibie. Shona, chai yapoa."

Na mimi, kwa haraka zangu, nikashona.

Nilipofika mwisho wa mguu wa kwanza, yule mama aliinama karibu na sikio langu.

"Usipige fundo," alinong'ona. "Na cherehani usipitishe. Hizo bandi zatosha."

"Zitafumuka, mama."

"Hatatembea sana."

Ningepaswa kuacha pale pale. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini adhana ilikuwa inaanza, nami nilitaka aondoke barazani kwangu. Nikamaliza mguu wa pili bila fundo, Mbwana akaivua suruali, yule mama akaikunja vizuri na kwenda zake.

Baada ya isha Mbwana aliomba blanketi. Akasema miguu ina baridi. Nikamtania kwamba amekuwa mzee, tukalala.

Alfajiri nikasikia kishindo.

Alikuwa ameanguka kando ya kitanda.

"Twaiba…" alisema. "Siisikii miguu."

Nikadhani ni ganzi. Nikaisugua. Nikaifinya. Nikachukua sindano nikamchoma unyayo, hakushtuka, na damu haikutoka. Ndipo nikavuta kikoi chake juu nipate kuona vizuri.

Vitobo.

Vidogo, safu moja, vimeuzunguka mguu wa kulia juu kidogo ya kifundo. Na wa kushoto vilevile. Nafasi kati ya kimoja na kingine ilikuwa sawasawa, na kila baada ya vitatu kimoja kimekwenda upande. Naijua mishono yangu.

Mbwana aliusoma uso wangu. "Nilikuwa natania tu," alisema. Sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa ndogo vile. Kisha akauliza, "Nitakwea vipi?"

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Lakini fundi akikosea hana dawa nyingine ila kufumua, na hilo ndilo pekee lililonijia kichwani: niipate ile suruali, niifumue kabla mwenyewe hajasafiri.

Barabarani nikampata dereva wa bodaboda aitwaye Mwangangi, mwenyeji wa Kikoneni. Nilipomtajia Mama Munee, akageuka kunitazama.

"Unaenda matanga?"

"Matanga ya nani?"

"Ya kijana wake, Mulwa. Si alikuwa utingo wa lori? Ilimlalia huko Mackinnon Road. Madaktari wakamkata miguu zote mbili, na bado akaenda. Tunamzika saa nne."

Miguu yote miwili.

Nilimwambia aongeze mwendo.

Uani kwa Mama Munee palikuwa na hema na viti, na watu wakiimba nyimbo za kanisani. Waliponiona na buibui langu walinipisha kwa heshima, wakidhani nimekuja kutoa pole. Jeneza lilikuwa sebuleni. Mama Munee alikuwa amekaa nalo peke yake. Ile harufu ya dawa ilijaa chumba kizima, na sasa niliijua: ni ya kuhifadhia maiti.

"Umekuja kwa sababu ya suruali," alisema.

"Mume wangu hawezi kusimama, mama."

Akainuka akafunga mlango.

"Mimi sikujua," alisema. "Nilitaka tu ikae vizuri, watu wakimwangalia waone kuna kitu ndani. Nilikuwa nimeijaza matambara. Asubuhi nimekuta matambara yote sakafuni… yamekunjwa."

"Na fundo, mama? Kwa nini ulinikataza fundo?"

"Mama yangu alinifundisha. Nguo ya maiti haifungwi fundo, asije akakwama njiani."

Akainua kifuniko chote.

Sikutazama uso wa Mulwa. Nilitazama chini. Suruali ilikuwa imejaa, mapaja, magoti, hadi chini. Na kwenye pindo zangu zilikuwa zimetokeza nyayo mbili, peku. Zilikuwa na sugu za kukanyaga vidato vya minazi, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na ukucha uliopasuka. Ukucha ule niliufunga kitambaa mimi mwenyewe mwezi uliopita.

Nikaugusa unyayo.

Ulikuwa na joto.

Vidole vikajikunja, kama Mbwana anavyofanya nikimtekenya.

Nikaitafuta ncha ya uzi kwenye mguu wa kulia. Bila fundo haukuwa na cha kuushika. Nikavuta mara moja, ukaja wote, mrefu, pindo likaachia. Nguo ikashuka taratibu, ikabonyea, ikalala bapa juu ya mbao.

Nikahamia wa kushoto. Nikaipata ncha, nikaizungusha kidoleni.

Mkono wa Mama Munee ukatua juu ya wangu. Ulikuwa mkavu, mgumu kwa jembe. Hakunishika kwa nguvu.

"Niachie mmoja," alinong'ona. "Mmoja tu, mwanangu. Tangu wamkate alikuwa ananiuliza kila siku: mama, huko nitaenda nikitambaa?"

Mlango ukagongwa. Mtu wa kanisa akasema wakati umefika.

Nilirudi Msambweni saa sita. Mbwana alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea ukuta, analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amesimama kwa mguu wa kulia.

Ni miezi minane sasa. Mguu wa kushoto upo, rangi yake ile ile, lakini ni baridi na haujui kitu. Hospitali wameupima kwa kila mashine na hawajaona ugonjwa. Minazi wanakwea wengine. Mbwana anauza madafu barabarani, amekaa kwenye kiti, na magongo kando yake. Kila Ijumaa mimi humkata kucha. Kucha za mguu ule nazikuta na udongo mwekundu ndani yake, udongo wa Kikoneni, na mguu wenyewe haujakanyaga chini tangu siku ile. Nauchokoa udongo kwa sindano kabla hajauona.

Watu waliosikia husema yule mama ni mchawi. Siwaungi mkono. Neno lilitoka kinywani mwa mume wangu, na sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Mbwana mwenyewe haulizi mengi. Nilimwambia uzi wa mguu wa kushoto ulikatika, kifuniko kikafungwa, sikuwahi. Hunibembeleza akiniona nimenyamaza. Huniambia si kosa langu, uzi wa siku hizi haufai.

Uzi haukukatika. Nilikuwa nao kidoleni, nikauachia.