Mtaa wa Pili, Nchi Gani?

"Nipe shati la mtu," Povu alipenda kutamba, "nitakwambia amelala wapi, amegombana na nani na anampenda nani. Watu wanadanganya. Nguo haziwezi."

Alitamba hivyo mbele ya wateja, akatamba mbele ya shangazi yake ambaye walishirikiana naye duka la udobi, na siku moja akafanya kosa la kutamba mbele ya mwenye shati.

Ilikuwa asubuhi, kwenye ujia ulio nyuma ya stendi ya mabasi, saa ambayo watu wanapishana kwa viwiko. Povu alikuwa anasukuma toroli la shuka za hoteli, kafunga kitambaa cha njano kichwani, aproni imemkaa kiunoni vizuri kiasi cha kuwachelewesha abiria wawili watatu. Mara gurudumu la mbele likang'oka. Likabiringika bila haraka wala aibu, likaenda kulala mbele ya kibanda cha fundi mabegi.

Fundi akaliokota. Kijana mrefu, shati la bluu mpauko, mikono kaikunja, penseli sikioni.

"Dada, hili ni lako au limekuja kunisalimia tu?"

"Ni langu. Na usinichekee, shuka zinasubiriwa."

"Sicheki. Uso wangu ndivyo ulivyo."

Akachomoa gurudumu la begi moja lililokwisha kukata roho, akapiga nyundo hapa na pale, toroli likasimama. Povu, aliyekuwa anamtazama, akainama, akaichunguza kola ya fundi kama mtaalamu.

"Mkeo anajua kupiga pasi."

"Mke gani?"

"Huyo aliyeinyoosha hiyo kola. Mwanamume hawezi."

"Nimenyoosha mwenyewe. Kwa sufuria ya chai ya moto. Nusa, ni tangawizi."

Povu akanusa. Ni tangawizi. Siku hiyo akasukuma toroli mpaka akaipita hoteli, ikabidi arudi.

Tangu hapo akamwita Gurudumu, na yeye akaitwa Povu wangu. Gurudumu alikuwa mgeni, katoka nchi ya mbali na begi moja lenye zipu mbovu, ambayo aliitengeneza mwenyewe na ndiyo ikawa tangazo lake la kwanza. Kabla hajaja, ujia ule ulikuwa milango iliyofungwa na harufu tu. Alipofungua kibanda, wasafiri wenye mabegi yanayochechemea wakaanza kujaa. Mama wa chai akawafuata wasafiri, muuza zipu akamfuata fundi, na mwenye majengo akaamka usingizini akaweka taa. Wapo walionuna.

"Hawa wageni wanatumalizia riziki," alilalama muuza mikanda.

"Riziki ipi?" Shangazi akamdaka. "Kabla yake ulikuwa unawauzia nani mikanda, panya?"

Mapenzi yakaenda kwa simu.

"Povu wangu, umekula?"

"Nimekula maneno yako ya jana, bado hayajashuka."

"Nikuletee maji?"

"Jilete mwenyewe."

Basi raha ikawa raha, mpaka Alhamisi ile Gurudumu alipoingia dukani kabeba nguo zake zote. Si za wiki, zote. Mashati, suruali, taulo, mpaka koti zito ambalo Povu hakujua kama lipo.

"Unakwenda wapi na koti?"

"Sendi. Nataka tu kila kitu kiwe safi." Akatabasamu kama mtu aliyeficha paka mgongoni, akaondoka.

Povu akabaki na koti mkononi. Akachungulia mifuko: mitupu. Akageuza kola, akanusa, akalitazama dhidi ya mwanga. Koti halikusema neno.

"Shangazi, mtu anafua koti kwa nini?"

"Limechafuka."

"Au anasafiri."

"Au limechafuka, mwanangu."

Kesho yake nguo zikachukuliwa, na jioni simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Gurudumu kulikuwa na nyundo, honi na mtu anayeulizia zipu.

"Mpenzi, kesho saa nne uje kibandani. Namkabidhi binamu funguo."

"Funguo za nini?"

"Za kibanda. Kila kitu anachukua yeye. Wakati umefika."

"Umefika wa nini?"

"Ah, Povu, si unajua! Vaa lile gauni la bluu. Subiri, kuna mteja... Uje, tafadhali. Usipokuja nitaelewa."

Simu ikakatika. Povu akaitazama kama imemtemea mate. Ataelewa nini? Yeye mwenyewe haelewi!

Akajipa safari ya uongo ya kununua sabuni, akapita ujia. Akamwona binamu mtu, aliyekuja na mkewe majuzi tu kutoka kwao, kakaa kwenye kigoda cha Gurudumu akishona mkanda wa begi. Sasa, kwenye kibanda cha fundi mabegi, begi si ushahidi. Yako mengi kuliko viatu. Lakini lile jekundu lililokuwa mlangoni lilikuwa jipya, halina ugonjwa wowote, na pembeni limebana ukosi wa koti analolijua.

Akarudi bila sabuni.

"Anarudi kwao," akamwambia Shangazi. "Na anataka nikampungie mkono nikiwa nimependeza!"

"Kakwambia anarudi?"

"Nguo zimeniambia."

"Mpigie umuulize."

"Nimbembeleze mtu anayeniaga kwa gauni? Thubutu!"

Jumamosi saa nne ilimkuta Povu anapiga pasi shuka kana kwamba zimemtukana. Gauni la bluu alilivaa, akalivua, akalivaa tena, akafunga aproni juu yake ili lisijione mshindi. Kule ujiani watu walikuwa wamesimama mbele ya kibanda, mama wa chai kagawa chai, binamu kaoga mpaka anang'aa, na Gurudumu kila akisikia kishindo anageuka. Saa tano mke wa binamu akamgusa bega. "Shemeji, amekataa. Toa funguo."

Akatoa. Kisha akalishika begi jekundu, akaliburuta mpaka kwa dobi.

Povu alipoona begi linaingia mlangoni, pasi ikamponyoka, ikaacha alama ya kahawia kwenye shuka ya watu.

"Umekuja kuaga," akasema. "Haya, nenda salama."

"Asante. Angalau ungekuja kuniambia mwenyewe."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba hutaki."

"Sitaki nini?"

"Kuolewa."

"Na nani?"

"Na mimi!"

"Kwani nani kaniuliza?"

"Mimi! Jana! Kwa simu!"

"Jana uliniambia habari za funguo!"

"Ndiyo hizo hizo!"

Wakatazamana wakihema. Shangazi akazima mashine ya kufulia, maana ilikuwa inamkosesha maneno.

"Tulieni. Wewe kijana, unakwenda wapi na begi?"

"Mtaa wa pili."

"Mtaa wa pili nchi gani?"

"Hapa, Shangazi! Kwenye lile ghala lililofungwa, karibu na kinyozi. Nimelikodi. Nitashona mabegi mapya, si viraka tu, na nimepata washonaji watatu wa mtaani humu humu. Juu kuna chumba."

Povu akaketi juu ya kapu la nguo chafu.

"Sisi mafundi wa kwetu," Gurudumu akaeleza polepole, "mtu akija ugenini anaanzia kibandani. Akisimama kwa miguu yake, anampokea mwingine kutoka kwao, anamwachia kibanda na wateja, yeye anafungua pakubwa. Kabla ya hapo haoi. Na siku ya kutoa funguo, mwanamke akija kusimama karibu naye, basi kakubali. Watu wote wanajua."

"Watu wote wa wapi?"

"Wa... kwetu."

"Na mimi ni wa wapi?"

Gurudumu akalilaza begi sakafuni. Akapiga goti, akafungua begi. Upande mmoja nguo zake, zimekunjwa kama alivyozikunja Povu. Upande wa pili, patupu.

"Huku ni kwako," akasema.

"Mimi sisomi mabegi. Sema kwa mdomo."

"Unioe... yaani nikuoe. Tuoane. Vyovyote utakavyopenda."

"Na duka langu?"

"Nani kaligusa? Utakuja kazini kwa miguu."

"Na pasi?"

"Nitatumia sufuria."

Povu akavua aproni taratibu, gauni la bluu likatokea, limelowa kifuani kwa mvuke. Akaitupa ile aproni kwenye upande mtupu wa begi, kisha akajitupa mwenyewe, si begini.

Yaliyofuata hapo siyajui, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye adabu. Nilikuwa nimefuata suruali yangu tu, na mambo yalipofikia kukumbatiana nilishavuka barabara zamani, macho makavu, nikiangalia magari.

Shangazi, niliyemsomea haya ili anisahihishe, akavua miwani.

"Barabara gani ulivuka? Ulikuwa nyuma ya shuka nilizozianika, miguu yako naiona. Na ile shuka ya mwisho nimeirudia kufua, maana ulipengea kamasi humo ukilia kuliko bibi harusi."