Sauti Inayoomba Mtoto

Siku ya nne mizani ilionyesha mtoto amepungua tena. Mama Silvani, mkunga wa kijiji cha Fon Kajou, alimtundika upya kwenye kitambaa, akangoja mshale utulie, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ananyonya, anakojoa, anapungua. Anakwenda wapi?"

Zahanati ile ya milimani, kusini mwa Haiti, ilikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na mashine ya kuwatia joto watoto njiti, iliyoletwa na wageni wasiouliza kama kuna umeme. Kuku alikuwa ametagia ndani yake. Mtoto wa Rozmita alizaliwa wiki saba kabla ya wakati, na joto lake lote lilikuwa kifua cha mama yake. Alifungwa pale, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana.

"Umembana kama mwizi wa kuku," Silvani alimtania.

"Mwizi akifukuzwa huachia, Mama. Mimi siachii."

Alfajiri ile nesi Jezila alikuwa ameshuka mjini kwa miguu kutafuta dawa ya sindano, maana kitovu cha mtoto kilikuwa kimevimba na kuiva wekundu. "Asipochomwa leo," alimwambia Silvani mlangoni, "kesho hatutampima." Saa nne mvua ikaanza kunyesha.

Ndipo Silvani, akipapasa ukuta kutafuta panapovuja, alipogusa bua. Lilikuwa bua jembamba, lililotobolewa kama mrija, limepenya udongo kutoka nje na kuelekea kitandani. Ncha yake ilikuwa na majimaji ya vuguvugu. Akainusa. Damu.

Alilichomoa, akaziba tundu kwa chumvi na majivu, akakaza komeo la mlango.

"Ni lugaru," alinong'ona.

Kila mzazi wa milima ile analijua jini hilo, linaloweza kujigeuza bata mzinga. Hufyonza damu ya vichanga kwa mrija, lakini kuwachukua haliwezi mpaka liombe na lipewe. Huja na sauti ya mtu unayempenda. Mama aliyechoka, nusu macho nusu usingizi, akiitikia ndiyo, yamekwisha.

"Ukiulizwa lolote kutoka nje, jibu lako ni lipi?"

"Hapana."

"Rudia."

"Hapana, Mama."

Kwanza ilikuja harufu, ya manyoya ya bata mzinga aliyelowa. Kisha sauti ya Dyelo, mumewe, aliyevuka mpaka tangu kiangazi kwenda kukata miwa. "Rozmita, mke wangu, nimerudi. Nipe nimwone mwanangu."

Rozmita aliuma ncha ya shuka. "Hapana."

Nyayo zikaizunguka nyumba, polepole, kama mtu asiyeogopa kulowa, zikasimama nyuma ya kitanda, na pale ukutani, karibu kabisa na sikio lake, ikazungumza sauti ya mama yake mzazi ambaye walimzika mwaka juzi, sauti ileile ya kukwaruza iliyomlea: "Umechoka, kitinda mimba wangu. Nipe nimshike kidogo, ulale."

"Hapana, Mama," akasema huku machozi yakimdondokea mtoto utosini.

Mchana ukapita hivyo, mvua ikipiga mabati, harufu ikizidi, mtoto akinyonya mara mbili na kuacha, mara moja na kuacha, midomo ikianza kuwa na rangi ya jivu, na Silvani akihesabu pumzi zake kwa vidole na kujikuta kila mara amebakiwa na vidole vingi kuliko pumzi, mpaka mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Mama Silvani! Fungua! Nipeni mtoto upesi!"

Ilikuwa sauti ya nesi.

"Hapana," wanawake wawili walijibu pamoja.

"Ni mimi, Jezila! Mto ulinizuia, dawa ninayo!"

"Jezila hutukana zaidi ya hapo," Silvani alisema. "Kajifunze, urudi."

"Mbuzi mzee wewe, nipe mtoto!"

"Hapana!"

Ngumi zilipiga, zikachoka. Kisha mkono ukapenyezwa chini ya mlango, umechubuka, umejaa matope, umeshika kichupa. Silvani alichota chumvi, akaumwagia kwenye michubuko. Ngozi ya lugaru ikiguswa na chumvi huungua na kufuka moshi. Mkono ule ulishtuka tu, ukavuja damu nyekundu ya binadamu, na nje mtu akaanza kulia.

Silvani akafungua. Jezila aliingia akichechemea, akapiga magoti kando ya kitanda na kuweka sikio pale mama na mtoto walipogusana. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akakiweka kichupa sakafuni, taratibu, kana kwamba kingeweza kumwamsha mtu.

"Nilisema hapana," Rozmita alimwambia. "Muulize Mama. Kila mara nilisema hapana."

"Ulisema, binti yangu," Silvani alijibu, na hakuweza kumtazama nesi.

Mvua ilikatika ghafla. Kutoka nje, mbele tu ya mlango uliokuwa wazi, kilisikika kilio cha kichanga, kilio kinene cha mtoto aliyeshiba damu na maziwa, kikiondoka, kikiupanda mlima taratibu kama kinachosubiri kufuatwa.

Rozmita alisimama, mwili mdogo bado umefungwa kifuani pake.

"Ndiyo," aliitikia. "Ndiyo, mwanangu, naja."